Nina Yamaha FG800: gitaa kavu la pili liwe lipi?

UziWaSita

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaoyajua magitaa makavu kwa undani.

Nililonalo ni Yamaha FG800, sanduku kubwa la drednoti, nyuzi za chuma 012–053 (unene wa uzi kwa elfu za inchi). Kazi yake ni kwaya: kucharaza chodi kwa piki nyuma ya waimbaji 15 hadi 20, mara nyingi bila spika. Kwa kazi hiyo linatosha kabisa. Linakwama sehemu tatu. Wimbo wa taratibu wa kudonoa kwa vidole, besi inameza nyuzi nyembamba. Tukiwa wapigaji wawili na mwenzangu naye ana drednoti, watu hawasikii magitaa mawili, wanasikia moja lenye vurugu. Tena sanduku ni nene, bega la kulia linachoka kabla mazoezi hayajaisha.

Fedha inatosha gitaa moja la bei ya kati, jipya au la mkononi. Ninayoyapigia hesabu:

1. FG830
2. La nyuzi 12
3. La nailoni, C40 au lililopanda kidogo juu yake
4. Dogo la chuma, mfano FS800

Niko Tanga mjini, hewa ya bahari muda wote. Katika hayo, lipi litaziba pengo la hilo la kwanza?

FundiMsasa

Mkuu, umeeleza vizuri, na jibu la kwanza ni jepesi: futa namba 1.

FG830 na FG800 ni ndugu wa tumbo moja. Uso ni uleule wa spruce wa ubao mzima, sanduku lilelile, urefu wa uzi unaolia (kutoka kijiti cha kichwani hadi kijiti cha darajani) ni mm 650 kwa yote mawili, na shingo ni mm 43 kwa upana pale kwenye kijiti cha kichwani. Kilichobadilika ni mgongo na mbavu: rozwudi badala ya nato au okume. Rozwudi inarefusha mlio na kuongeza uzito chini. Wewe unalalamikia besi, halafu uongezewe besi? Ungekuwa unauza la zamani ununue hili, ningekuelewa. Kuyaweka yote mawili nyumbani ni kununua gitaa lilelile mara mbili.

Kinachobadilisha tabia ya gitaa kavu, kwa mpangilio wa nguvu zake, ni aina ya nyuzi kwanza, kisha ukubwa wa sanduku, kisha urefu wa uzi unaolia, na mwisho kabisa mbao za mgongo na mbavu. Madukani watu wanaanzia mwisho. Wanauliza "ni mbao gani?" kabla hawajauliza upana wa shingo.

Kwa hiyo mshindani wa kweli ni namba 3 na namba 4.

FS800 ina uso wa ubao mzima kama lako, ila sanduku ni dogo na jembamba: kina chake ni mm 90 hadi 110, wakati lako ni mm 100 hadi 118. Hiyo sentimita moja ndiyo bega lako linalolalamikia. Uzi unaolia ni mm 634. Ukifunga nyuzi zilezile 012 na kuzityuni vilevile, mvuto unapungua karibu asilimia 5, kwa sababu mvuto unakwenda na mraba wa urefu. Vidole vinausikia mara moja unapovuta uzi kuupinda, na chodi ya F inakuwa rafiki zaidi. Sauti inakaa katikati, besi haifuriki.

La nailoni ni mnyama mwingine kabisa. Nyuzi za chuma 012 zinavuta zaidi ya kilo 70 kwa jumla. Za nailoni zinavuta kama kilo 40. Ndiyo maana uso wake unachongwa mwembamba, na mbavu ndogo za ndani zimepangwa kama kipepeo cha mkononi, si msalaba kama kwenye lako. Shingo ya C40 ni mm 52 kichwani, ubao wa vidole ni bapa bila mgongo, na shingo inaungana na sanduku kwenye freti ya 12 badala ya 14. Mlio unaanza laini na kufa mapema, hivyo hata ukiwa na drednoti pembeni yake kila moja linasikika na sauti yake.

Hapohapo kuna ubaya wake: mbele ya waimbaji 20 bila maikrofoni, nailoni inazama. Hilo lipime kwa ukweli. Kama kuna maikrofoni hata moja ya kusimamisha sm 20 hadi 30 mbele ya freti ya 12 (usiielekeze kwenye tundu, utapata mngurumo mtupu), tatizo limekwisha.

C40 uso wake ni plaiwudi. Ukiweza kupanda hadi CG142, pale uso ni ubao mzima, na unachagua spruce au seda. Seda inafunguka ukipiga kwa upole, spruce inavumilia mkono mzito. Seda ni laini, kucha ikiigusa inaacha alama. Na kama mm 52 zinakutisha, kuna NTX1: nailoni yenye shingo ya mm 48, inaungana freti ya 14, na kinasa sauti cha kuunganisha kwenye spika kimo ndani tayari.

Ningekuwa na uamuzi, ningechukua nailoni yenye uso wa ubao mzima. FS800 ni gitaa zuri, lakini litabaki binamu wa lile la kwanza.

Onyo moja kwa herufi kubwa: USIFUNGE NYUZI ZA CHUMA KWENYE GITAA LA NAILONI. Mengi hayana chuma cha kunyooshea ndani ya shingo. Wiki chache tu na uso unavimba nyuma ya daraja, daraja linainama mbele, kisha linang'oka na vipande vya uso.

GumbaNaShahada

Fundi, kwenye FG830 tuko pamoja. Kwenye nailoni nasimama upande mwingine, kwa sababu hujamuuliza ndugu yetu anadonoa vipi.

Ukidonoa kwa vidole vinne, gumba kwenye besi na shahada, cha kati na cha pete kila kimoja na uzi wake, mm 52 ni neema. Lakini udonoaji uliokulia huku kwetu ni wa vidole viwili. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na mkusanya muziki Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa gumba na shahada. Omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, wa kina George Mukabi, imesimama juu ya vidole hivyohivyo. Na nyuzi ni za chuma.

Gumba linatembea uzi wa 6, wa 5 na wa 4, shahada inacheza juu. Mtindo huo unataka besi fupi: igongwe, ife, ipishe melodi. Drednoti haitaki kufa, inaendelea kuvuma chini wakati shahada imeshaanza maneno mengine. Sanduku dogo linaiachia besi mapema lenyewe. Ukiongeza kisigino cha kiganja kilichogusa nyuzi za besi pale zinapotoka tu kwenye daraja (milimita tatu au nne, ukizidi hapo uzi unakuwa "tup" bila noti), besi inakuwa kama ngoma ndogo. Kwenye nailoni uzi wa besi ni mlaini, ukiuzima hivyo unapotea kabisa.

Mm 43 nazo zina kazi kwa mtindo huu. Gumba la mkono wa kushoto linaweza kuzunguka shingo na kubana uzi wa 6 kwa juu, chodi ya F bila kulaza kidole. Jaribu hilo kwenye mm 52 uone.

Kwa hiyo, UziWaSita, kama udonoaji wako ni wa vidole viwili, chukua FS800 na ufunge 011–052 za bronzi ya fosfa. Usibaki na 012 kwa sababu tu umezizoea. Sanduku dogo linaamka kwa nyuzi nyepesi, na shahada haitaumia.

Na kitu kimoja cha kufanya kabla ya kutoa hata shilingi: lichunguze hilo FG800 lenyewe. Bila kubana uzi, pima kwa rula pale freti ya 12 nafasi kati ya kichwa cha freti na chini ya uzi. Inatakiwa mm 2.3 hadi 2.5 kwa uzi wa 6, na mm 1.6 hadi 1.9 kwa uzi wa 1. Likikupa mm 3.5, sehemu ya uchovu wako inatoka hapo, na gitaa la pili halitaiponya.

KwayaNaKapo

Naongezea upande wa magitaa mawili kusikika kama mawili, maana hapo ndipo kwaya nyingi zinapoharibu.

Kwanza nyuzi 12. Nalipenda lile wimbi la sauti, lakini kwa mtu mwenye malalamiko yake simshauri. Nyuzi 12 nyepesi (010–047) zinavuta zaidi ya kilo 100. Shingo ni pana na nzito kubana, kudonoa kwa vidole viwili ni shida kwa kuwa nyuzi zimekwenda mbilimbili, na kulityuni kunakula dakika ambazo kwaya imesimama inasubiri. Juu ya yote, linajaza nafasi yote ya sauti. Ukilipiga pembeni ya drednoti vurugu inaongezeka.

Unaweza kuupata ule mng'ao wa nyuzi 12 kwa gitaa la kawaida la chuma, hata Yamaha F310 ya mkononi yenye uso wa plaiwudi. Nunua pakiti MOJA ya nyuzi 12 nyepesi. Ndani yake kuna jozi: 010 na 010, 014 na 014, 023 na 008 (wengine huweka 009), 030 na 012, 039 na 018, 047 na 027. Zitenganishe. Ile seti ya okteva, yaani 010, 014, 008, 012, 018, 027, funga kwenye gitaa la pili kuanzia uzi wa 1 hadi wa 6. Uzi wa 1 na wa 2 tyuni kawaida. Wa 3, 4, 5 na 6 zityuni noti zilezile lakini okteva juu. Vidole havijifunzi kitu kipya, chodi zote zinabaki zilezile, ila besi imeondoka yote. Zilizobaki, 010, 014, 023, 030, 039, 047, ni seti kamili nyepesi kwa gitaa lolote la kawaida. Pakiti moja, magitaa mawili.

Wanaofuata rumba ya Kongo watalitambua wazo hili. Kwenye mi-composé, mtyuno wa gitaa wa rumba hiyo, uzi wa 4 huondolewa na mahali pake unawekwa mwembamba, umetyuniwa okteva juu.

Mambo yatakayokusumbua kwenye mpango huu ni matatu. Uzi wa 3 ndio mwembamba kuliko wote na ndio unaokatika, hasa ukiutyuni kwa haraka. Uupandishe polepole, na paka risasi ya penseli kwenye mfereji wake wa kichwani ili uteleze. Pili, mvuto umepungua mno, shingo inanyooka kupita kiasi na freti za mwanzo zinalia "zzz". Legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, kinyume cha saa, kisha tyuni na usubiri hadi kesho yake kabla ya kugusa tena. Tatu, mifereji ya kichwani ilichongwa kwa nyuzi nene, kwa hiyo nyembamba zinakaa huru. Nyingi hazina neno. Ukiusikia mmoja unatetemeka, weka kipande cha karatasi chini yake. Usichonge kitu, maana kesho utataka kulirudisha kama lilivyokuwa.

Na hata ukinunua lolote kati ya yale manne, msipige maumbo yaleyale. Wimbo ukiwa G, mmoja apige maumbo ya G wazi, mwingine aweke kapo (kibano cha kubana nyuzi zote pamoja) freti ya 5 apige maumbo ya D. Wimbo ukiwa D, mmoja D wazi, mwingine kapo ya 7 na maumbo ya G. Ukiwa C, kapo ya 5 na maumbo ya G. Chodi ni moja, lakini noti zinakaa ghorofa tofauti.

Ukichukua nailoni, kumbuka kapo yake ni bapa. Ile ya gitaa la chuma imepinda kidogo kufuata mgongo wa shingo. Ukiibana kwenye ubao bapa, nyuzi za katikati zinalegea na kulia vibaya. Halafu shingo inaishia freti ya 12, kwa hiyo kapo ya 7 inakuachia freti tano tu kabla ya sanduku.

UziWaSita

Nawashukuru sana wakuu. FG830 na la nyuzi 12 nimeyafuta. GumbaNaShahada, udonoaji ninaoutaka ni wa vidole vinne, nyimbo za taratibu, na maikrofoni moja tunayo. Kwa hiyo naelekea nailoni. Nimepima FG800: uzi wa 6 freti ya 12 umekuja mm 3.2, uzi wa 1 mm 2.4.

Maswali mawili. Dukani kuna CG142 ya mkononi, uso wa seda, ina miaka kadhaa. Nikague nini kabla ya kulipa? Na hewa ya Tanga, uso wa ubao mzima utavumilia?

GumbaNaShahada

Kwa vidole vinne na maikrofoni, nakubali, nenda nailoni. Omutibo utaipiga kwenye lile la chuma.

FundiMsasa

Tuanze na FG800, maana vipimo ulivyotoa vinarekebishika. Kwanza angalia mpindo wa shingo: kapo freti ya 1, bana uzi wa 6 freti ya 14, tazama nafasi kwenye freti ya 7. Mm 0.15 hadi 0.25 ni sawa, kama unene wa kadi nyembamba ya mwaliko. Ikizidi, kaza chuma cha shingo robo mzunguko na upime tena. Shingo ikishakuwa sawa ndipo uguse kijiti cha darajani.

Kanuni ni hii: unachotaka kushusha freti ya 12, ondoa mara mbili yake kwenye kijiti. Wewe unataka kushuka kutoka 3.2 hadi 2.4, yaani mm 0.8, kwa hiyo unaondoa mm 1.6 upande wa besi. Upande wa uzi wa 1, kutoka 2.4 hadi 1.8, ni mm 1.2. Chora mstari kwa penseli, weka msasa namba 120 juu ya kioo, sugua CHINI ya kijiti, wima, malizia na namba 220. Juu usiguse. Ukikisugua kikainama, hakitakaa sawa kwenye mfereji, na uzi mmoja utalia kuliko wengine. Hakikisha baada ya kusugua kijiti bado kinachomoza angalau mm 3 juu ya ubao wa daraja. Kama hakitafika hapo, acha. Tatizo ni pembe ya shingo, si kijiti.

Ukikiharibu, kingine kinachongwa kwa mfupa wa muundi wa ng'ombe. Uchemshe kwa maji yenye sabuni hadi mafuta yatoke, kisha uukaushe siku kadhaa kivulini. Mfupa wenye mafuta unabaki wa njano na mlio wake unakuwa mzito.

Sasa hilo la mkononi. Nenda mchana, na rula ya chuma ya sm 60, karatasi, na simu yenye tochi.

Laza rula juu ya freti katikati ya shingo, ncha yake ielekee daraja. Kwenye nailoni si lazima ifike kichwa cha ubao wa daraja; kugonga chini yake kidogo ni kawaida. Ikigonga chini kabisa ya daraja, karibu na uso wa gitaa, shingo imeinuka. Kuing'oa na kuiweka upya ni gharama isiyolingana na gitaa la bei hiyo. Ondoka.

Chukua karatasi ya kawaida, jaribu kuiingiza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia zaidi ya mm 2, gundi inaachia. Hapo punguza bei au uache. Inamisha gitaa usawa wa jicho lako, utazame uso kutoka upande wa chini. Uvimbe mdogo nyuma ya daraja ni kawaida. Uvimbe mkubwa pamoja na daraja lililoinama mbele, shuku kwamba limewahi kufungwa nyuzi za chuma. Tazama pia vile vigurudumu vinavyozungushia nyuzi kichwani: vya nailoni ni vinene na vyeupe, kama unene wa penseli. Ukikuta vimekatwa mifereji myembamba kama ya waya, jibu umelipata.

Gonga uso kwa ncha ya kidole, polepole, ukizunguka daraja na tundu. Sauti iwe "dum, dum". Ikitoka "krr" mahali, ubavu wa ndani umeachia. Ingiza simu kwenye tundu, piga picha za ndani pande zote, utauona uwazi.

Kisha pima freti ya 12: nailoni inataka karibu mm 4 uzi wa 6 na mm 3 uzi wa 1. Usiione mm 4 ukadhani ni mbovu kwa kuwa umezoea chuma. Uzi wa nailoni unatikisika kwa upana, unahitaji nafasi. Kama CG142 hiyo iko mm 5 na rula imegusa vizuri pale darajani, kijiti kitashushwa kwa kanuni ileile ya mara mbili.

Mwisho, tyuni, gusa uzi freti ya 12 upate mlio wa kengele, kisha ubane palepale, linganisha kwenye tyuna. Senti 5 za tyuna (senti 100 ni nusu toni) juu au chini ni za kusamehe. Zikizidi, mwombe muuzaji nyuzi mpya kabla ya kulihukumu, kwa sababu nailoni iliyochakaa inadanganya: imekuwa bapa pale inapogusa freti na haitoi noti ya kweli.

MkaziWaPwani

Kuhusu hewa ya Tanga. Gitaa la ubao mzima linastarehe hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Pwani yetu iko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Ubao unakunywa maji, uso unainuka, nyuzi zinapanda, sauti inakuwa nzito kama yenye mafua. Hautapasuka. Wanaopasukiwa ni wanaolitoa pwani na kulipeleka bara kwenye ukavu ghafla, likanywea kwa wiki moja kilichovimba kwa miaka. Ukisafiri nalo Dodoma, liache ndani ya kasha lake siku mbili za kwanza, kisha papasa kingo za shingo. Ncha za freti zikianza kukwaruza kidole, ubao wa vidole umeshanywea.

Kwa hiyo uso wa seda utavumilia, kwa masharti haya. Likae ndani ya kasha gumu lililofungwa, si ukutani, na hasa si kwenye ukuta wa nje. Weka ndani ya kasha pakiti mbili za silika zile zinazobadilika rangi, moja kichwani, moja chini ya shingo, na uzikaushe kila rangi ikigeuka. Nunua na kipimo kidogo cha unyevu, kiwemo humo humo. Kikisoma chini ya 60, umefanya kazi nzuri kwa mji wetu. Lisiachwe ndani ya gari juani, gundi ya daraja inalainika huku nyuzi zinavuta.

FG800 nalo, nyuzi za chuma zinaota kutu haraka kwa chumvi ya hewa. Pangusa kila uzi juu na CHINI kwa kitambaa kikavu cha pamba baada ya kupiga. Wengi wanapangusa juu tu, kutu inaanzia chini. Nailoni hazioti kutu, lakini zile tatu za besi zimevikwa waya, nazo zinachakaa. Wa 4 ndio unaotangulia kukatika, mara nyingi pale unapokaa juu ya freti ya 2. Weka akiba ya uzi wa 4 peke yake.

UziWaSita

Nimeelewa. Kesho nakwenda na rula. La mwisho: kufunga nailoni darajani, nimeona hakuna vipini kama kwenye la chuma, ni fundo tu. Linashika?

FundiMsasa

Linashika likifungwa sawa. Pitisha uzi kwenye tundu la daraja kutoka upande wa tundu la sauti, utokee nyuma, uache mkia wa sm 8. Rudisha mkia juu ya daraja, upitishe chini ya uzi wenyewe, kisha uuzungushe kwenye kile kitanzi. Nyuzi za 4, 5 na 6 mzunguko mmoja unatosha, zina waya wa kushika. Za 1, 2 na 3 zinateleza, zizungushie mara mbili, na uzi wa 1 mara tatu.

Siri iko kwenye mzunguko wa mwisho: mkia lazima ubanwe nyuma ya ukingo wa daraja, upande wa chini, usibaki umelala juu. Ukibaki juu, uzi wa 1 unachomoka wakati unatyuni, na ncha yake inapiga uso kama fimbo. Kwenye seda inaacha tundu dogo jeusi lisilofutika. Kabla ya kukaza, weka kadi ngumu nyuma ya daraja hadi nyuzi zote sita zitulie.

Nyuzi mpya zitashuka kwa siku tatu hadi saba. Vuta kila uzi taratibu kwa kidole freti ya 12, tyuni, rudia. Usizifunge Jumamosi jioni kwa ibada ya Jumapili.